Mpaka Hitilafu Iitike

Nyumba nyingi za Marekani zilizofungwa vifaa vya X10 miaka ya 1980 zilikuwa na taa moja ya chumbani iliyotii kwa vipindi. Asubuhi unabonyeza rimoti, inawaka. Mchana unabonyeza, kimya. Jioni mtu akiwa anapika, inatii tena kana kwamba haijawahi kugoma. Mwenye nyumba hubadilisha balbu, kisha hubadilisha kifaa chenyewe, kisha huacha. Fundi aliyeijua kazi hiyo hakuanza na taa. Alikwenda jikoni, akawasha jiko la umeme, akaomba rimoti ibonyezwe. Taa ikawaka. Akazima jiko, ikagoma. Ugonjwa ulikuwa umeshajulikana kabla hata skrubu moja haijafunguliwa.

Kuelewa alichokiona kunahitaji kuujua mfumo wenyewe. X10 ilibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, na jina lake linatokana na kuwa mradi wa kumi wa kampuni hiyo. Mwaka 1978 ilianza kuuzwa madukani Marekani. Uzuri wake ni kwamba haikuhitaji waya mpya. Amri ilipita katika waya zilezile zinazoleta umeme kwenye soketi. Umeme wa Marekani hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde, hivyo mara 120 kila sekunde volti yake hupita kwenye sifuri, na ni hapo, umeme ukiwa umetulia kwa muda mfupi mno, X10 hupenyeza mlio wa kilohezi 120 unaodumu milisekunde moja. Ni kama mtu anayesema neno mojamoja katikati ya mapigo ya mchi kinuni. Mlio ukiwapo na kufuatiwa na ukimya, hiyo ni moja. Ukimya ukifuatiwa na mlio, hiyo ni sifuri. Kwa herufi kuanzia A hadi P na namba kuanzia 1 hadi 16, nyumba ilipata anwani 256. Mlio huo hutoka ukiwa na volti chache tu, ndani ya waya zenye volti 120, na ukifika upande wa pili umepungua sana.

Sasa jiko. Nyumba ya Marekani hupokea waya mbili za moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 ukilinganishwa na nyutro, na kati yao volti 240. Nusu ya soketi hula waya mmoja, nusu nyingine hula wa pili. Amri inayotoka sebuleni kwenda chumba kilicho kwenye waya wa pili hulazimika kutoka nje hadi kwenye transfoma, ikazunguka huko na kurudi, na safari hiyo huimaliza nguvu. Lakini jiko la umeme hufungwa kwenye waya zote mbili. Likiwashwa, koili yake ya joto inaziunganisha, na amri inakatiza njia kupitia jikoni. Dawa ilikuwa kapasita iliyofungwa kwenye bodi ya breka kati ya waya hizo mbili, inayopitisha kilohezi 120 na kuuzuia umeme wa hezi 60. Kifaa kidogo, kazi ya nusu saa.

Kinachonivutia hapa ni mwendo wa fundi zaidi ya dawa yake. Kuna hitilafu za umeme ambazo ni rahisi kuzipata kwa sababu hazibadiliki: waya umekatika, fyuzi imeungua, swichi imekufa. Yeyote mwenye testa atazifikia. Muingiliano wa umeme ni jambo la aina nyingine. Vifaa vyote ni vizima. Waya zote ni nzima. Kila kitu kinafanya kazi kiliyotengenezewa, ila viwili kati yao haviwezi kukaa pamoja, na hata hivyo ni wakati fulani tu. Mteja anasema "mara nyingine." Ustadi wa kazi hii, kwa jinsi ninavyoufahamu, ni kuligeuza neno hilo liwe "kila mara ambapo," na kutokugusa bisibisi mpaka ligeuke. Hitilafu iitwe, iitike. Ikishaitika, matengenezo mara nyingi ni kazi ya mwanafunzi.

Njia ya kufikia hapo ina hatua ya kwanza ambayo wengi huiruka: kujua kama amri inazidiwa na kelele au inamezwa. Kwa mteja hali hizi mbili zinafanana, kwa sababu taa inagoma zote mbili. Kwa fundi ni maradhi tofauti kabisa. Kelele hutoka kwenye kitu kinachotoa mawimbi yake chenyewe: chaja ya bei poa, dima, taa za LED ambazo mtengenezaji wake alibana gharama kwa kuacha vichujio. Kumeza ni kinyume chake, na mara nyingi hufanywa na kifaa kizuri kuliko vyote nyumbani. Televisheni iliyotengenezwa kwa uangalifu huwekewa kapasita mlangoni ili isichafue umeme wa wengine. Chukua kapasita ya mikrofaradi 0.1, ambayo ni ya kawaida kabisa. Kwa umeme wa hezi 60 inakuwa kizuizi cha omu takriban 26,500, yaani ni kana kwamba haipo. Kwa mlio wa kilohezi 120 inakuwa omu kama 13 tu. Amri ya X10 inafika hapo, inakuta njia nyepesi, inaishia humo. Na kwa kuwa kapasita hiyo mara nyingi hukaa kabla ya swichi ya televisheni yenyewe, kuizima kwa rimoti hakusaidii kitu. Ni lazima plagi ichomolewe. Watu wengi wamezunguka siku nzima na kushindwa kwa sababu walizima badala ya kuchomoa.

Kutoka hapo kazi inakuwa ya kugawa. Fundi anazima breka zote isipokuwa ya kifaa kinachotuma na ya kinachopokea. Vikielewana, mkosaji yuko upande uliozimwa. Anarudisha nusu, anajaribu; anarudisha nusu ya iliyobaki, anajaribu. Breka 16 hazimchukui zaidi ya majaribio manne. Akishaipata breka, anaingia chumba kinachohusika na kuchomoa plagi mojamoja. Inaonekana ni kazi ya kuchosha, na ni kweli inachosha. Lakini kila jaribio linajibu swali moja tu, na jibu lake halirudiwi tena. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hitilafu ikaondoka, na hawakujua kamwe ni kipi kati ya vitatu kilichoiondoa. Mwezi uliofuata ilirudi.

Mara nyingine breka hazisaidii, na saa ndiyo inayosaidia. Kijiji cha Aberhosan, Wales, kilipoteza intaneti kila siku saa moja asubuhi kwa miezi 18. Mafundi walikuja, walipima, walikuta kila kitu kizima, wakabadilisha hata sehemu kubwa ya nyaya. Asubuhi iliyofuata saa moja, intaneti ikakatika. Hatimaye kundi la mafundi wa kampuni ya mtandao ya Openreach liliamua kuliacha swali la "wapi" na kulishika lile la "lini." Walitembea kijijini saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikiwanyea, wakiwa na kipimo cha masafa mkononi, wakasubiri. Ilipogonga saa moja kipimo kiliruka, nao wakakifuata kwa miguu hadi kwenye nyumba moja. Humo mlikuwa na televisheni kuukuu iliyowashwa kila siku saa hiyo, ikitoa mpigo mkali wa mawimbi uliozoa intaneti ya kijiji kizima. Mwenyewe alikubali kutoiwasha tena, na tatizo likaisha. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2020 na watu wengi waliichukulia kama kichekesho. Mimi naisoma kama sifa kwa watu waliokubali kusimama mvuani saa nzima wakilisubiri jambo moja litokee.

Kisa cha North Olmsted, Ohio, mwaka 2019 ni kigumu zaidi, kwa sababu hakikuwa na saa. Katika mitaa michache, milango ya gereji iliacha kutii rimoti na funguo za magari ziliacha kufungua magari. Kilichokuwa kikiendelea ni kwamba rimoti za aina hiyo nchini Marekani nyingi hutumia megahezi 315, na mtu mmoja, ambaye ni mbunifu anayependa vifaa vya elektroniki, alikuwa ametengeneza chombo cha kumjulisha akiwa chumba cha chini ya nyumba kwamba kuna mtu juu. Hakuwa na nia mbaya. Chombo kilirusha mawimbi mfululizo katika megahezi hizohizo, hakikupumzika, na hakuna rimoti iliyopata nafasi ya kusikika. Tena kilitumia betri. Hapo ile mbinu ya kuzima breka inakosa nguvu, maana ukikata umeme wa nyumba, hata wa mtaa mzima, kelele inaendelea. Ilibidi watu wazunguke na vipima mawimbi, diwani Chris Glassburn akiwa miongoni mwao, mpaka wakaifikia nyumba na betri ikatolewa.

Kufuata mawimbi kwa miguu kuna ugumu ambao haujulikani mpaka uufanye. Ukiwa mbali, kipimo kinapanda kadiri unavyosogea, na kazi inaonekana nyepesi. Ukikaribia, kila upande unaonyesha kilele, kwa sababu mawimbi yana nguvu kuliko kipimo kinavyoweza kutofautisha. Hapo wawindaji wa mawimbi wenye uzoefu huifanya mashine yao iwe kiziwi kwa makusudi. Hutoa antena, au huifunika. Kisha hukishika kipokezi kifuani na kujigeuza polepole mahali pamoja. Mwili wa mtu huzuia mawimbi, hivyo pale sauti inapofifia zaidi, chanzo kiko nyuma ya mgongo wako. Hatua kumi mbele, unajigeuza tena. Napenda sana kwamba pamoja na mitambo yote iliyopo, mbavu za fundi mwenyewe bado ni sehemu ya kipimo.

Vifaa vipya vya nyumbani havitumii X10, lakini maradhi ni yaleyale. Zigbee, njia ya mawimbi inayotumiwa na vifaa hivyo kuongea, na Wi-Fi zote mbili hukaa kwenye gigahezi 2.4, na mtu asiyechagua chaneli kwa uangalifu huzifanya zikanyagane. Waraka wa Intel wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hata bandari za USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayo. Ndiyo maana kidude cha Zigbee kikichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kinaweza kupoteza balbu za chumba cha pili, na kikiwekewa waya wa kukisogeza kama mita moja kinazipata. Tatizo hilo lina dawa inayojulikana na si gumu.

Kwetu Afrika Mashariki utamaduni wa kuisikiliza kelele ya umeme ni wa zamani kuliko swichi janja yoyote. Wazee waliofuatilia Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwa masafa mafupi walijua kuihamisha redio mbali na taa ya mrija, na walijua kwamba redio ikinguruma ghafla kuna kitu kimewashwa nyumba ya jirani. Redio hiyohiyo ya betri, ikiwekwa masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, bado ni kipimo cha kwanza cha fundi asiye na fedha za vifaa. Unaipitisha karibu na chaja, karibu na inveta, karibu na balbu mojamoja, na inakuambia nani anapiga kelele. Ni njia ya kweli, na inafaa kufundishwa vyuoni bila kuonewa haya.

Na tunayo mifano yetu ya amri zinazosafiri kwenye waya za umeme. Baadhi ya mita za malipo ya kabla hufungwa juu ya nguzo au nje ya ukuta, na kile kidude cha kuingizia tokeni, ambacho Tanzania wengi hukiita rimoti ya LUKU, huongea na mita kupitia waya uleule wa umeme. Usiku tokeni ikikataa kuingia, mtu hufikiri namba zimekosewa na kuzirudia zote 20. Anayejua huchomoa kwanza chaja na televisheni, kisha huhamishia kidude kwenye soketi iliyo karibu zaidi na swichi kuu. Anafanya kilekile alichofanya fundi wa X10 miaka 40 iliyopita, bila kuwa amewahi kusikia jina hilo.

Kuna pia balbu ya LED isiyozimika. Nyumba zetu, kwa kufuata desturi ya Uingereza, mara nyingi hazina nyutro kwenye kisanduku cha swichi. Mnashuka waya wa moto na waya unaorudi kwenye taa, basi. Swichi janja ya aina isiyohitaji nyutro hulazimika kujilisha kwa kupitisha umeme mdogo ndani ya balbu yenyewe. Balbu za zamani hazikuujali. Balbu ya LED ya wati 3 inaujali. Ikibaki na mwanga hafifu usioyumba, fundi anajua umeme unavuja mfululizo. Ikimetameta kila baada ya sekunde kadhaa, anajua zaidi: kapasita ndani ya balbu inajazwa taratibu na umeme unaovuja, ikijaa balbu inajaribu kuwaka, inaimaliza akiba yake mara moja, na kujaza kunaanza upya. Kadiri mimeto inavyokaribiana, ndivyo uvujaji ulivyo mkubwa. Ametazama balbu kwa dakika moja na ameshapima kitu ambacho wengine wangekitafuta kwa mita. Kapasita ndogo ya kukwepesha umeme huo, ikifungwa sambamba na balbu, inamaliza jambo.

Kazi nzuri kuliko zote nilizozishuhudia ilikuwa Tabata, Dar es Salaam, kwa mama mmoja ambaye taa za geti lake zilikuwa zikijizima usiku. Swichi janja ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili na mafundi wawili tofauti. Huyu wa tatu, kijana mtulivu, aliamkia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na akaanza kuuliza.

"Mama, zikizimika huwa mnafanya nini?"

"Tumelala, mwanangu. Tunaamka kukuta giza."

"Maji ya mgao yanaingia siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa, usiku."

"Na giza?"

Mama hakuwa na jibu. Mlinzi, aliyekuwa akisikiliza pembeni, ndiye aliyejibu: "Ni siku hizohizo."

Kwenye nyumba hiyo maji yakijaa tanki la chini, pampu huyapandisha hadi tanki la mnarani, na boya la juu huikata pampu tanki likijaa. Kijana aliwasha taa za geti saa sita mchana, jua likiwaka, akaiwasha pampu kwa mkono, kisha akapanda mnarani. Alilishika boya na kuliinua taratibu. Chini, ndani ya kisanduku kilicho kando ya ngazi, kontakta ya pampu, yaani swichi yake ya sumaku, ikaachia kwa mlio mmoja, na taa zikazimika. Akalishusha, pampu ikawaka. Mlinzi akawasha taa. Akaliinua, zikazimika. Alirudia mpaka pasibaki shaka, na kila mara alingoja kidogo kabla ya kuinua, ili awe na hakika kwamba ni boya na si kitu kingine.

Koili ya kontakta ikikatiwa umeme ghafla haikubali kimya kimya. Nguvu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye sumaku yake hugeuka volti, mamia au hata maelfu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na cheche huruka kwenye mguso unaofunguka. Waya za pampu na waya wa swichi janja zilikuwa zimepitishwa kwenye bomba moja ndani ya ukuta. Mpigo wa upande mmoja uliruka hadi upande wa pili, na kompyuta ndogo iliyo ndani ya swichi ikaanza upya ikiwa imezima.

Kutenganisha waya kungehitaji kuvunja ukuta. Aliamua kukizima kishindo pale kinapozaliwa. Alitoa mfukoni kipande kidogo chenye resista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zilizounganishwa kwa kufuatana, kapasita yenyewe ikiwa imeandikwa X2, yaani imeundwa kukaa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba hakuna moto, akakifunga kati ya ncha mbili za koili, A1 na A2. Akarudisha umeme na kupanda tena mnarani. Boya likainuliwa, kontakta ikaachia, taa zikabaki zinawaka.

Mafundi wengi wangekusanya vifaa hapo. Yeye alishuka, akazima swichi kuu, akakitoa kile kipande alichokifunga. Akapanda, akainua boya, taa zikazimika kama mwanzo. Akashuka, akakirudisha, akapanda, akainua, zikabaki. Mama aliuliza kwa nini anaiharibu kazi aliyokwisha kuimaliza. Alimjibu kwamba sasa ndipo imekwisha, kwa sababu kabla ya hapo huenda hitilafu ilikuwa imeondoka kwa sababu zake yenyewe.

Kabla ya kufunga kisanduku aliandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mfuniko: tarehe, "kizima cheche A1–A2," na mstari mmoja kwa fundi atakayekuja baadaye kwamba waya za pampu na za taa za geti ziko kwenye bomba moja, na kontakta ikibadilishwa kipande hicho kihamishiwe kwenye mpya.